Kishikwambi Namba Kumi na Nne

Walimwita mwizi. Hawakumwita pembeni, wala kwa kunong'ona. Walimwita mwizi asubuhi, shule nzima ikiwa imesimama kwenye mistari, binti yake akiwa mstari wa darasa la saba. Aliyelitamka neno hilo ni mwalimu mkuu mwenyewe. Na aliyeujua ukweli alikuwa amesimama nyuma ya mwalimu mkuu, anatazama viatu vyake.

Mwanamke huyo alikuwa mfanya usafi wa shule. Watoto walimwita Mama Funguo, maana funguo zote za shule alizitunza yeye, zimepangwa kwenye kamba aliyoifunga kiunoni, na siku zote alisikika kabla hajaonekana. Darasa lililokuwa na kelele lilinyamaza likisikia funguo zinalia kwenye korido, kisha likacheka likiona kumbe ni yeye tu na ndoo yake. Hakuangalia ufunguo alipofungua mlango. Aliupapasa, akaujua kwa meno yake, akauingiza. Ule wa maabara ulikuwa mnene, wa ofisi ulikuwa na kovu, na wa choo cha walimu ulikuwa umepinda kidogo kwa sababu kuna mwalimu aliwahi kuutumia kufungulia chupa.

Yeye mwenyewe shule aliipitia mlangoni akatoka. Alipokuwa darasa la pili, mjomba wake aliyekuwa akimlea alisema nyumba haina mtu wa kumbeba mtoto mchanga. Akatolewa, akafungwa mtoto mgongoni, na habari za shule zikaishia hapo. Hakuna aliyemuuliza. Tarakimu alizijua, jina lake aliweza kuliandika likatambulika, mengine yote yalipotea huko huko kwenye kumbembeleza mtoto wa watu. Baadaye akaolewa na mwanamume aliyesafiri kwenda kutafuta kazi akapata mke. Akabaki na binti mmoja, na akaapa kwamba huyo hatabebeshwa mtoto wa mtu kabla hajamaliza kusoma.

Kwa hiyo kazi ya shuleni aliipenda. Watu walimwona anapiga deki. Yeye alijiona anakaa karibu na mwanawe.

Vishikwambi vilikuja vimefungwa kwenye maboksi, na wageni waliovaa tai, na picha nyingi. Vilikuwa kama vioo vyeusi, ukubwa wa daftari, kila kimoja na namba yake imebandikwa mgongoni. Wageni walipoondoka, mwalimu mkuu akasema vitu vya thamani kama hivi vikiachwa ovyo vitaharibika. Akaamuru vifungiwe katika chumba kilichokuwa na vyerehani vibovu, na ufunguo akamkabidhi Mama Funguo. Basi vikakaa humo kama wali wa jana. Walimu waliupita ule mlango wakiutazama kwa jicho la pembeni, kila mmoja akiomba Mungu asiwe wa kwanza kuambiwa avitumie.

Mpaka akaja mwalimu mpya, kijana mwembamba, ambaye mifukoni mwake hamkukosekana waya. Watoto hawakuchukua muda, wakamwita Mwalimu Waya. Yeye alivitoa vishikwambi kwenye maboksi, akavipanga kwenye toroli lenye magurudumu, akalisukuma darasani siku ile ile, mwalimu mkuu akimfuata nyuma na kumwambia taratibu, taratibu.

"Mwalimu Mkuu, vikivunjika ndiyo tutajua vimetumika," alisema kijana.

"Na vikivunjika ripoti utaandika wewe?"

"Nitaandika. Nitaiandikia humo humo."

Siku hiyo binti alirudi nyumbani hajavua hata viatu.

"Mama, leo nimeuona moyo unapiga."

"Moyo wa nani?"

"Wa mtu. Kwenye kishikwambi. Ukiugusa unafunguka, unaona damu inaingia huku, inatokea huku. Halafu mwalimu anauwasha ukutani, darasa zima tunauona mkubwa kama mlango."

Mama yake akaacha kupepeta mchele. Tangu siku hiyo, kipindi cha darasa la saba kikifika, korido ya darasa la saba ilipigwa deki kuliko korido zote. Alisimama dirishani na fagio lake, akaona watoto waliokuwa wakilala mezani sasa wamenyoosha shingo, na mtoto mmoja mwenye kigugumizi, ambaye hakuwahi kujibu swali, akaandika jibu lake kwa kidole na jibu likatokea ukutani, likapigiwa makofi. Alirudi kwenye ndoo yake akiwa amefurahi, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwa nini.

Binti alimweleza pia jinsi kazi zao zilivyokusanywa. Mtoto akimaliza zoezi, au akijirekodi anasoma, kazi ile inaruka yenyewe hadi kwenye ghala moja la shule, na chini yake inaandikwa namba ya kishikwambi ilikotoka.

"Na ukiwa umekosea? Hufuti?"

"Ukiwahi. Kile kikishakaribia mtandao wa shule, mama, kinatema kila kitu. Hakijui siri."

Mama yake alicheka. "Basi hicho si cha kuoa wala kuolewa nacho."

Shuleni hapo alikuwapo mwalimu wa sayansi, mwanamke mtu mzima aliyefundisha hata baadhi ya wazazi wa watoto wa sasa. Watoto walimwita Bi Chaki. Alichora ubaoni moyo, figo, jicho, mzizi wa mharage, bila kuangalia kitabu, akaishia na vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mwalimu hasa, hilo hata leo Mama Funguo halikatai. Lakini siku ya kwanza alipopewa kishikwambi mbele ya darasa, akaona picha asiyoitaka imetokea, alichukua dasta ya ubaoni akakifuta.

Darasa likaanguka kicheko.

"Mwalimu, hicho hakifutwi," alisema Mwalimu Waya, naye akicheka bila nia mbaya. "Kinaguswa tu."

Tangu hapo Bi Chaki akawa na macho mabaya. Zamu yake ya vishikwambi ikifika, macho yanauma, miwani imesahaulika, taa inayorusha picha ukutani inamtia kizunguzungu. Kisha mwalimu mkuu akatoa agizo: kabla ya siku ya wazazi, kila mwalimu atafundisha somo moja zima kwa vishikwambi, na yeye mwenyewe atakaa dawati la nyuma kutazama.

Ijumaa ile, wenzake wakiwa wamekwenda kula, Bi Chaki alimkuta Mama Funguo amemaliza kupiga deki chumba cha vishikwambi na amefunga mlango.

"Dada yangu, nifungulie. Nimesahau miwani humo ndani."

Mama Funguo akafungua. Sakafu ilikuwa bado mbichi. Mama Funguo ana desturi yake, hakanyagi sakafu aliyoipiga deki mpaka ikauke. Kwa hiyo alibaki nje, ameshika mlango, anamwambia mwalimu apite pembeni pembeni asiteleze. Mwalimu aliingia, akakawia kidogo, akatoka na mkoba wake mkubwa ameubana kwapani.

"Umeipata miwani?"

"Nimeipata. Mungu akuzidishie."

Jumatatu toroli lilipotolewa chumbani, kishikwambi namba kumi na nne hakikuwapo.

Waliitwa ofisini. Mwalimu mkuu alikaa nyuma ya meza yake, Mwalimu Waya akasimama dirishani, Bi Chaki akakaa kitini. Mama Funguo hakuambiwa akae.

"Ufunguo unao nani?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Ninao mimi, Mwalimu Mkuu."

"Baada ya kipindi cha mwisho Ijumaa, nani aliingia?"

"Mimi niliingia kupiga deki. Halafu nilimfungulia mwalimu huyu hapa. Alifuata miwani."

Wote wakageuka. Bi Chaki akaivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilifuata miwani," alisema. "Nikachukua miwani."

Na ukimsikiliza vizuri, alikuwa hajasema uongo mkubwa. Miwani aliichukua, maana aliingia nayo. Lakini maneno yale machache yalitosha kumfunga mtu mwingine kamba.

"Mama," alisema mwalimu mkuu, "mwalimu huyu yuko hapa tangu mimi nasoma. Wewe fikiri vizuri. Ukikumbuka kimekwenda wapi, kirudi kimya kimya, hatutaulizana."

"Nikumbuke nini, wakati sikukiona?"

"Fikiri tu."

Siku iliyofuata kufuli la chumba kile lilibadilishwa, na Mama Funguo hakupewa ufunguo mpya. Baada ya siku chache akaingia kwenye stoo ya mafagio, ambayo haina kufuli kwa sababu hakuna anayeiba fagio, akasogeza ndoo ya akiba, na nyuma yake akaona kioo cheusi kimeegeshwa ukutani. Alikichukua kwa mikono miwili. Angeweza kukiacha hapo hapo alipokikuta. Angeweza pia kukitupa kisimani, kesi ikafa. Alikipeleka ofisini moja kwa moja, maana alidhani mtu akileta kitu kilichopotea anaambiwa asante.

Asubuhi yake ndiyo akaitwa mwizi. Mwalimu mkuu alisema katikati yetu kuna mtu aliyekabidhiwa mali ya watoto akaiiba, na alipobanwa akairudisha mwenyewe, akidhani sisi ni wajinga. Akamnyooshea kidole. Akamwambia avue funguo hapo hapo, aende nyumbani mpaka kamati ya shule ikae baada ya siku ya wazazi. Fundo la ile kamba lilikuwa limekaza miaka kwa miaka, likakataa kufunguka. Watoto walisimama wakimtazama Mama Funguo anahangaika na kiuno chake, mpaka Mwalimu Waya akaja na mkasi. Kijana aliikata kamba, akazikinga funguo kwa kiganja zisianguke chini. Mama Funguo aliliona hilo, akaliweka akilini kwa upande wa mema.

Nyumbani, jirani yake muuza mkaa alimwona anarudi saa ambazo harudi.

"Leo shule imefungwa?"

"Imefungwa kwangu."

"Kwa hiyo ni kweli? Wamepita watoto hapa wanasema umekutwa na tivii ya shule."

"Tivii naibeba wapi, kwenye ndoo?"

"Mimi sisemi kitu, mwenzangu," alisema muuza mkaa, na mtu akianza hivyo ujue kazi imeanza. "Mimi nauliza tu."

Aibu yake Mama Funguo aliibeba. Alikuwa na mazoezi. Iliyomshinda ni ya binti. Watoto waliliacha jina lake, wakamwita Kumi na Nne. Kalamu ya mtu ikipotea, Kumi na Nne afungue begi. Toroli likiingia, ficheni, Kumi na Nne yupo. Hata waliompenda walicheka kidogo, kwa kuwa wengine walicheka.

Jumamosi binti akalala na sare yake ikiwa kwenye beseni, hajaifua. Mama yake akamuuliza Jumatatu atavaa nini.

"Siendi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Siendi tena. Nitakusaidia kufua nguo za watu. Tukiwa wawili tutafua nyingi."

Alisema bila kulia, kwa sauti ya mtu mzima aliyekwisha kupiga mahesabu yake, na sauti hiyo ndiyo iliyomtia mama yake baridi. Alijiona yeye, darasa la pili, mtoto mchanga anafungwa mgongoni mwake. Tofauti ilikuwa moja tu. Safari hii hakuna mjomba. Mtoto anajitoa mwenyewe, kwa ajili ya mama.

Alikaa naye kwenye ngazi ya mlango. Hakumgombeza. Alisema, "Alhamisi ni siku ya wazazi. Twende wote. Ukitoka pale bado hutaki, sitakulazimisha. Nitakununulia beseni lako."

"Mama, wamekusimamisha kazi. Utaingiaje?"

"Nimesimamishwa kazi. Sijasimamishwa uzazi."

Binti akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile. Lakini mama hakuwa na mpango wowote. Alikuwa amejifunga mwenyewe kwa mdomo wake, na hakujua atajifunguaje. Alichokuwa nacho ni gauni moja zuri na shingo isiyoinama ya kulipeleka.

Alhamisi wakaenda. Langoni mwalimu wa zamu alimtazama, akatazama daftari la wageni, akamtazama tena, asijue sheria inasemaje. Mama Funguo akampita. Ukumbini wazazi walikuwa wamejaa, wanajipepea na karatasi za ratiba. Alipokaa, viti viwili vya kushoto na kulia kwake vikabaki wazi, na mama mmoja mbele yake akauhamisha mkoba wake kutoka sakafuni hadi mapajani. Sakafu ilikuwa na michirizi. Aliyepewa kazi yake hakuwa anakamua tambara la deki vizuri.

Binti akakaa kiti cha kulia. Kile cha kushoto hakikupata mtu.

Sasa lazima ijulikane jambo moja lililotokea asubuhi hiyo, ambalo Mama Funguo aliambiwa baadaye. Mwalimu Waya alipopanga vishikwambi vyake akakuta kimepungua kimoja. Kile namba kumi na nne kilikuwa kimefungiwa kwenye droo ya mwalimu mkuu kama ushahidi, tangu kilipopatikana, kimekufa chaji. Hakuna aliyekiwasha, maana kazi yake sasa ilikuwa kumshtaki mtu. Kijana akakiomba, akakitia chaji, akakirudisha torolini na wenzake. Na kilipopata uhai, kikafanya vile binti alivyosema. Kikatema.

Mwalimu mkuu alihutubia, muda mrefu. Kisha Mwalimu Waya akazima taa na kuwasha ukuta.

"Wazazi wetu, wengi mnasema vishikwambi ni vya kuchezea. Leo sitasema neno. Mtaona wenyewe kazi za watoto wenu zote, kuanzia ile mpya kabisa iliyoingia ghalani."

Akagusa. Ukutani ikatokea pua.

Ilikuwa pua kubwa kama mlango, na juu yake miwani. Ikarudi nyuma, ikawa uso, na uso ukawa wa Bi Chaki, amevaa gauni la nyumbani, yuko jikoni kwake. Nyuma yake, juu ya kabati, sufuria zimepangwa kwa mstari, kubwa nyuma, ndogo mbele.

"Wanangu wa darasa la saba," aliziambia sufuria, "leo tutasoma mzunguko wa damu. Shikeni vishikwambi vyenu. Wewe wa nyuma, usimsumbue mwenzako."

Ukumbi ulianza kucheka, na kwa haki ya Mungu kilikuwa kicheko kizuri, kwa sababu lilikuwa somo zuri. Alieleza moyo kwa kitunguu alichokipasua kati. Alieleza mishipa kwa mpira wa maji. Kisha akasema, "Sasa mtagusa hapa," akagusa, picha ikapinduka, ikaonekana dari, kisha miguu yake, kisha paka.

Sauti ya mtoto ikasikika bila mwenyewe kuonekana. "Bibi, unajirekodi."

"Najirekodi vipi? Nimefungua moyo."

"Hujafungua moyo. Umejifungua wewe."

Wazazi walishikana mabega kwa kucheka. Mwalimu mkuu mwenyewe alifuta machozi. Bi Chaki peke yake, kwenye safu ya walimu, hakucheka. Alikuwa amesimama, hajui anakwenda wapi. Mwalimu Waya naye alikuwa anatafuta pa kuizimia picha, lakini vidole vilikuwa vimempotea.

Ukutani Bi Chaki akakaa kwenye kiti cha jikoni, amechoka. "Mjukuu wangu, nisikilize. Usimwambie mtu kwamba bibi yako hajui. Nifundishe leo na kesho, Jumatatu nakirudisha kabla hawajajua."

Hapo mtoto mmoja wa darasa la saba, aliyekuwa amekaa mbele, aliacha kucheka. Chini ya picha, kama chini ya kazi zote, palikuwa pameandikwa namba. Akaisoma kwa sauti, bila kufikiri, kama alivyokuwa akiisema kila siku kumchokoza mwenzake.

"Kumi na nne."

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilikufa safu kwa safu, kuanzia mbele kwenda nyuma, kadiri watu walivyoelewa. Kisha vichwa vikaanza kugeuka. Mama Funguo tarakimu anazijua. Alikuwa ameshaiona tangu pua ilipotokea, na alikuwa amekaa ameushika mkono wa binti yake kwa nguvu, hawezi kupumua, anaogopa kwamba akitikisika picha itazimika na itakuwa aliota.

Binti akamwegemea sikioni. "Mama, umeona?"

"Nimeona."

"Ni chenyewe."

"Nimeona, mwanangu."

Na pumzi ikamtoka, ndefu, kama mtu anayetua ndoo kichwani baada ya mwendo mrefu. Mama mmoja akaja akakaa kile kiti cha kushoto. Alimpa karatasi yake ya kujipepelea. Ndipo Mama Funguo akatambua kwamba uso wake wote umelowa.

Mwalimu mkuu alimwita ofisini baada ya wazazi kutawanyika. Safari hii aliambiwa akae. Funguo zilikuwa mezani, kwenye kamba mpya.

"Mama, tulighafilika. Binadamu tumeumbwa hivyo. Kazi yako ipo, kamati haitakaa. Naomba yaishe."

"Mwalimu Mkuu, mlango huu umeufunga wewe au ni upepo?"

"Nimeufunga mimi."

"Mbona siku ile hukuufunga?"

Mwalimu mkuu akapangapanga kalamu zake. "Mama, kusema tena mbele ya watoto, tutamshushia mwalimu heshima. Watoto wamekwisha kujua. Si wameona wenyewe?"

"Wameona, wamecheka. Hakuna aliyewaambia."

Mama Funguo akachukua funguo zake. Zilikuwa nzito kiunoni kwa namna aliyoisahau, na alipotoka kwenye korido zikalia, na darasa la saba likanyamaza. Kisha likaanza kupiga makofi, kwanza mmoja, halafu wote. Hakuingia. Aliendelea na safari yake, lakini polepole kuliko kawaida.

Bi Chaki alimfuata kwenye stoo ya mafagio, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mwanamke mzima na vumbi lake la chaki, akalia.

"Nilikuja kukirudisha, kufuli lilikuwa limebadilishwa. Hapa ndipo pasipofungwa. Nikajua kitaokotwa tu, watashukuru, yataisha. Sikujua watakugeuzia wewe."

"Pale mstarini ulijua."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Kila nilipotaka kusema, mdomo ulikuwa mzito, dada yangu."

"Na mimi niliyebebeshwa, mzigo ulikuwa mwepesi?"

Bi Chaki akainamisha kichwa. Akasema atasimama mstarini, yeye mwenyewe, Jumatatu, mbele ya watoto, aseme yote. Mama Funguo alimpa kitambaa ajifute, safi, si cha vumbi.

Mambo mengine yote yamekaa sawa. Binti anakwenda shule na sare iliyopigwa pasi, na Mwalimu Waya amempa kazi ya kugawa vishikwambi kila kipindi, yeye na si mwingine, ili kila mtoto akipokee kutoka mkononi mwake. Jina la Kumi na Nne limekufa. Muuza mkaa anawaambia wateja kwamba yeye alijua tangu mwanzo, na alikuwa anauliza tu. Mama Funguo Jumamosi ile alilala mchana mzima mlango ukiwa wazi, kama mtoto aliyeshiba, na alipoamka akakumbuka kwamba hakuna kitu cha kuogopa, akalala tena. Hata Bi Chaki ameneemeka. Watoto wenyewe ndio wanaomfundisha kugusa, naye anawafundisha moyo kwa kitunguu, na darasa zima linadai somo la jikoni lirudiwe. Wamemsamehe kwa kicheko. Yeye aliyeitwa mwizi hakuna aliyemwambia neno mbele ya watu, wamemrudishia funguo tu.

Lakini Jumatatu ile Bi Chaki aliumwa koo. Ya pili ikanyesha mvua, mistari haikupangwa. Ya tatu walikuja wageni, wale wa tai, na mwalimu mkuu akasema si siku ya mambo ya ndani. Mama Funguo hajagombana na mtu. Kila Jumatatu anafungua lango mapema, anamaliza korido, kisha anasimama karibu na bomba, mahali sauti ya mstarini inapofika vizuri, fagio limeegemea ukuta, mikono imekauka. Bi Chaki anadaiwa maneno aliyoahidi akiwa amekaa juu ya ndoo. Mwalimu mkuu anadaiwa yake, kwa sauti ile ile, mbele ya mistari ile ile, mlango ukiwa wazi. Bado hawajalipa.